Kwa nini tulichoma yale mahindi

(Hotuba ya mtunza depo mbele ya mkutano wa wanachama, Goma. Tumeiandika jinsi alivyoisema. Tumepunguza tu mahali aliporudia.)

 

Komite imeniomba niseme juu ya mtu kuishi kwa kipimo chake mwenyewe, katika maisha ya kila siku. Nilipopewa mada hiyo nilicheka, maana sababu ninaijua. Tangu mwezi uliopita, nikipita kwa bomba la maji, nikipita kwa soko, mtu ananisimamisha: "Mama, ile mahindi mulichoma ya nini? Batu banalala njaa!" Basi mada ni kipimo, lakini ninyi mmekuja kusikia mahindi. Nitasema yote mawili pamoja, kwa sababu kwangu ni jambo moja.

Nianze na mahindi. Magunia 60 yalifika kwa kamyo, jioni. Turubai ilikuwa imepasuka upande wa nyuma. Magunia 17 yalikuwa yameloa, na hayakuwa maji ya siku ile. Ukitia mkono ndani ya gunia unasikia joto. Punje zimeshikana, zina ukungu wa kijani na kijivu. Harufu yake kila mwanamke aliyewahi kulima anaijua. Muuzaji alikuwa hapo hapo. Jina lake sitalitaja, mambo yake na komite hayajaisha. Wala hakukataa kwamba yameharibika. Alisema tu: "Mama, anika kwa jua, changanya na yale mazuri, peleka kwa mashine. Ikishakuwa unga nani atajua?" Halafu akanivuta kando, akasema kuna madesu ya bana kwa wale watatu wanaotia sahihi kwenye bordero.

Hebu tusimame kidogo kwa neno hilo. Madesu ya bana, kwa Lingala, ni maharagwe ya watoto. Angalieni utamu wake. Hakuna mtu katika inchi hii atakayekuambia "njoo nikupe rushwa". Atakuambia maharagwe ya watoto, atakuambia matabishi, atakuambia ya sukari. Na nani mzazi atakayekataa maharagwe ya watoto? Lakini siku ile mimi nilijiuliza: watoto wa nani? Maharagwe ya watoto wangu yangelipwa na bugari ya watoto wenu. Neno lenyewe lilikuwa linasema ukweli, ila halikumaliza hesabu.

Sasa, kuna wanaosema ukungu ni jambo dogo, wazazi wetu walikula na hawakufa. Hapa nataka mnisikilize vizuri, hata kama mengine mtayasahau. Ukungu wa mahindi una sumu ambayo watu wa Tanzania wanaiita sumukuvu. Mwaka 2004, upande wa mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yao wenyewe yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Waliougua walihesabiwa 317. Waliokufa ni 125. Hawakuwa na vita, hawakuwa na kipindupindu, ni mahindi ya nyumbani tu. Sumu ile inaenda kwa ini. Kuanika hakuitoi. Kuosha hakuitoi. Moto wa sufuria hauitoi, hata bugari ichemke namna gani. Na kusaga ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu gunia moja bovu linaingia katika magunia matano mazuri, na jicho haliwezi tena kuchagua. Mtu mzima anayekula kidogo kidogo anaweza asione kitu leo, ini likaharibika baada ya miaka. Mtoto mdogo anayekula bugari asubuhi na jioni hana pa kujificha.

Wengine waliuliza kwa nini hatukuwapa kuku. Kuku nao inawaua, na ng'ombe akila inatoka katika maziwa. Kijana mmoja alikuja usiku kutaka kuyanunua kwa ajili ya kupika kanyanga. Nilimrudisha, na sitaki kusema zaidi maana yuko hapa ndani, na ni mtoto mzuri.

Basi tuliyachoma. Mnajua Goma ni jiwe la volkano, kuchimba shimo la maana hapa ni kazi ya siku mbili na nyundo. Tulimwaga magunia yote wazi, tukachanganya na mafuta na makala, tukachoma, na kilichobaki tukakichanganya na chokaa na majivu ili mtu asije usiku kukifukua. Wapapa wawili walilala hapo mpaka asubuhi. Hawakulala kwa kuogopa wezi. Walilala kwa kuogopa mama mwenye njaa, ambaye hakuna kati yetu angekuwa na uso wa kumwita mwizi.

Na gharama yake mliiona. Kila nyumba iliyokuwa ingoje murongo 10 ilipata 7. Hiyo mitatu iliyopungua hakuna hotuba inayoirudisha kwenye sufuria.

Katika mji wetu huu huu alikuwepo kijana aliyefanya jambo kama hilo na likamgharimu zaidi ya murongo tatu. Anaitwa Floribert Bwana Chui Bin Kositi. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Watu wengi husema alikuwa wa duane. Hapana, alikuwa wa OCC, ile ofisi ya serikali iliyoundwa mwaka 1974 kwa kuchunguza bidhaa. Mtu wa duane anakuuliza umelipa ngapi. Mtu wa OCC anakuuliza kitu hiki kinafaa kuliwa ao hapana. Floribert alikuwa upande wa bidhaa zilizoharibika. Mwaka 2007 vyakula vilivyooza vilifika mpakani, na wenyewe wakataka vipite. Pesa ikatolewa, akakataa. Ikaongezwa, akakataa. Simu zikapigwa, nyingine kutoka kwa watu wakubwa. Akakataa. Jumamosi tarehe 7 Julai alitekwa, tarehe 9 mwili wake ukapatikana. Alikuwa na miaka 26.

Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo. Hapa Goma siku hizo mnajua tulikuwa katika hali gani. Mimi si Mkatoliki, na wengi hapa si Wakatoliki, tuko na Waprotestanti, tuko na Waislamu. Lakini mtoto huyu ni wa Goma yote. Angeweza kuwa jirani wa yeyote kati yetu.

Mimi sijilinganishi naye hata kidogo. Muuzaji wangu alininunia tu, basi. Ila nikisikia watu wanasimulia habari zake, wanasimulia mwisho: gari, usiku, mwili. Mimi naona ya kwetu ni yale ya mbele. Wanaomjua wanasimulia kwamba kabla ya kuharibu vile vyakula alienda kuuliza mtu wa udaktari: watu wakila hivi watapata nini? Aliuliza kwanza. Hakutegemea hasira yake ao moyo wake mzuri. Na kabla ya hapo, kwa miaka, alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio akikaa na maibobo, wale watoto wa barabarani, akiwafundisha. Sasa fikirini, chakula cha bei ya chini kilichooza kinaishia tumboni mwa nani katika mji huu? Si kwa tajiri wa Himbi. Kinaishia kwa maibobo. Kwa hiyo simu ilipolia, yeye tayari alikuwa na karatasi ya kazi inayosema kipimo ni hiki, na alikuwa na nyuso anazozijua kwa majina. Kipimo chake hakikuzaliwa siku ya simu. Siku ya simu ni siku mbaya sana ya kuanza kutafuta kipimo.

Ndiyo maana sisi wa depo tulikuwa tumeandika kwenye daftari, kabla hata ya kununua gunia la kwanza: kinachonuka ukungu hakiingii. Mstari mmoja tu. Wengine waliuona ni mstari wa bure, nani atanunua mahindi mabovu? Jioni ile, kamyo ikiwa imesimama, dereva anapiga honi, mvua inarudi, watu wamejaa mlangoni na vyombo vyao, kama mstari ule usingekuwepo tungeanza mjadala. Na mjadala wa watu wenye njaa mbele ya magunia, ninyi wenyewe mnajua unaishaje.

Najua pia kuna wanaosema moyoni: mama huyu anaongea kama hajui kifungu cha 15. Ninakijua! Inasemekana kilianzia Kasai ya Kusini, wakati wa Kalonji, katiba ikiwa na vifungu 14 na watu wakaongeza cha 15 wenyewe: jitafutie. Iwe ni kweli ao ni hadithi, Kongo yote imeishi kwa kifungu hicho, na sisi tuliorudi zaidi ya wote. Tulijitafutia Rwamwanja, tulijitafutia Kyangwali na Nakivale. Wale waliotoka Bulengo na Lushagala Februari 2025, wakiwa na siku chache tu za kufunga mizigo, wanajitafutia mpaka leo. Benki zilifungwa, noti ya dola ikiwa na alama kidogo inakataliwa, wewe unafanya nini? Unajitafutia. Mimi sitasimama hapa kumlaumu mama anayevuka mpaka mdogo mara tano kwa siku na nyanya mgongoni, akificha nyanya kidogo chini ya kitenge. Ninachokikataa ni kujitafutia ndani ya tumbo la mwingine ambaye amekupa wewe ushike chombo.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Wengi wakisikia neno kipimo wanadhani ni mzigo wa kila mtu sawasawa. Mimi siamini hivyo. Kipimo kinamwangalia kwanza yule anayekishika.

Chukueni murongo wenyewe. Soko la Virunga, kila mama muuza maharagwe ana chombo chake. Kuna chombo ambacho chini kimegongwa na nyundo, kikaingia ndani. Kuna chombo chenye karatasi iliyokunjwa chini. Kwa macho ni murongo, kwa sufuria si murongo. Mnunuzi anaweza kufanya nini? Hana kipimo kingine. Anaweza tu kuhama. Na anahama! Kuna mama mmoja pale, maharagwe yake yana bei juu kidogo ya wengine, lakini anajaza mpaka yanapanda juu ya mdomo wa chombo, halafu anakigeuza na kukuonyesha chini yake. Sijamsikia hata siku moja akisema kwamba yeye ni mtu wa kweli. Anageuza chombo, basi. Saa nne asubuhi amemaliza gunia.

Sasa kuna chombo kingine kinachogongwa chini, nacho ni orodha. Hili ni la kwetu zaidi ya mahindi, naomba tusiumizane.

Wale tuliokuwa Uganda tunakumbuka mwaka 2018. Kulikuwa na makelele makubwa kwamba hesabu ya wakimbizi imeongezwa, na wafadhili wakaanza kuuliza maswali makali. Serikali ya Uganda pamoja na HCR wakatuita wote upya, vidole, macho, mtoto na mzee. Kwenye makaratasi tulikuwa zaidi ya watu 1,400,000. Walipomaliza, mwezi wa kumi, walikuta kama 1,100,000. Tuseme haki: wote waliokosekana hawakuwa wizi. Wengine walikuwa wamesharudi kwao, wengine walikufa, wengine walihamia mjini. Lakini majina yao yalibaki yanakula. Na nani aliyesimama kwenye mstari tangu saa kumi ya usiku, na mtoto mgongoni, ili kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa kweli? Ni sisi. Jina la hewa limeandikwa na mtu wa meza, lakini kuhakikishwa kunampata mtu wa mstari.

Kwa hiyo mama akija kwangu akaandikisha watoto saba na ninajua ana watano, mimi simchukii. Ana hofu, na hofu yake ina historia. Lakini kalamu iko kwangu. Nikiandika saba kwa huruma, wawili hao wanakula kwa nyumba ya mama mwingine ambaye hakusema uongo, na yeye hatajua kamwe ni nani aliyempunguzia. Huruma ya namna hiyo ni rahisi sana kwa mwenye kalamu, maana si yeye anayeilipa. Tena baada ya miezi mitatu mama wa ukweli anaelewa kwamba ukweli ni hasara, na yeye anakuja na watoto saba. Utamlaumu nani?

Na kwa nini niwaombe mniamini? Msiniamini. Angalieni jinsi tunavyofanya kwenye AVEC zetu. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hakuna kati yao anayelala na sanduku. Pesa inahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na wote wanakumbuka hesabu ya juma lililopita. Kufuli tatu hazikuwekwa kwa sababu mama wa sanduku ni mwizi. Ziliwekwa ili siku mtoto wake atakapolazwa na daktari akataka dola 80 usiku huo huo, aweze kusema "funguo ziko kwa watatu" bila kupigana na moyo wake peke yake. Mimi naipenda sana hekima hiyo, na ilitengenezwa na watu wasio na kitu. Kipimo chako kiwe chako, sawa, lakini mpe mtu mwingine ufunguo wake mmoja.

Wafadhili wetu nao nawaomba neno moja. Mkitupa karatasi inayotaka tuonyeshe kwamba kila gunia limegawiwa, na hakuna mahali pa kuandika "tulichoma", mnatusukuma kwa upole kuelekea mashine ya kusaga. Mwezi uliopita ilibidi mwandishi wetu aandike magunia 17 pembeni ya karatasi, kwa kalamu, kwa sababu hakukuwa na kisanduku chake. Wekeni kisanduku hicho.

Swali la mwisho nililopewa kabla ya mkutano ni la papa mmoja: kama muuzaji angesema "pesa sirudishi", je, tungechoma vilevile? Papa, alisema hivyo hasa. Alisema siku ile ile, mbele ya watu. Na tulichoma kesho yake.

Mpaka leo amerudisha thamani ya magunia 6. Kumi na moja bado. Komite imempelekea barua mbili, na chefu wa kata amekubali kukaa katikati Alhamisi ijayo. Watu wawili wasio wa komite waje pamoja nasi kusikiliza, anayetaka aandike jina lake kwa mwandishi leo kabla ya kutoka. Orodha ya nyumba imebandikwa kwenye mlango wa depo tangu asubuhi, na hesabu ya watoto kwa kila nyumba. Mwenye kuona kosa, lake ao la jirani, aniambie mimi mbele ya mtu wa pili, si pembeni. Daftari la depo linafunguliwa Jumanne na Ijumaa, tangu saa mbili mpaka saa sita. Na murongo wetu uko pale mezani. Pitieni mkiugeuza chini.